Seven Samurai nimeipenda sana ila Tokyo Story imenigomea. Hizi filamu za zamani za Japani zinaangaliwaje?

mtazamaji_mpya ameandika:

Wakuu habari zenu. Naomba msaada kwa wale wanaofuatilia filamu za zamani za Japani, zile za miaka ya 50 na 60, akina Kurosawa na wenzake.

Nilianza na Seven Samurai ya mwongozaji Akira Kurosawa, 1954. Kiukweli ule urefu ulikuwa unanitisha, dakika 207 za blaki na waiti, nikasema nitaangalia nusu leo nusu kesho, lakini ilivyoanza sikuinuka. Kile kipande ambacho yule mzee Kambei ananyolewa nywele ili ajifanye mtawa aende kumwokoa mtoto aliyetekwa, hapo hapo nishamjua ni mtu wa aina gani, hakuna aliyesema ni jasiri wala ana roho nzuri, namwona tu kainamisha kichwa, wembe unapita, watu wamesimama wanashangaa samurai gani huyu anakubali kukatwa nywele zake za heshima. Afu ile vita ya mwisho kwenye mvua na tope, aisee.

Basi nikatafuta inayofuata, kila kona naambiwa Tokyo Story ya Yasujiro Ozu, 1953, na kwamba kwenye kura ya waongozaji ya jarida la Sight & Sound mwaka 2012 ilishika namba moja. Nimeiangalia mpaka mwisho. Wazee wawili wanatoka mji wa Onomichi wanaenda Tokyo kuwaona watoto wao, watoto wako bize, wazee wanarudi, mama anafariki, imeisha. Kamera imekaa chini haisogei, watu wanaongea taratibu na wanatabasamu hata pale ambapo mtu mwingine angepasua sahani. Naona kabisa kuna kitu pale ndani, watu wengi hivyo hawawezi kukipenda bure, ila mimi sijakishika.

Swali langu ni je, kuna namna ya kuziangalia hizi? Niangalie nini hasa? Na nifuate njia gani kutoka nilipo? Nataka kweli kuzielewa, sio kutiki tu kwamba nimeona.


mpenda_sinema amejibu:

Karibu mkuu. Umetoka kwenye mapanga ukaenda moja kwa moja kwa Ozu, ungepitia kwanza kwa Kurosawa yule yule lakini bila samurai. Tafuta Ikiru ya 1952. Staringi ni Takashi Shimura, yule yule aliyecheza Kambei, na hautaamini ni mtu mmoja. Hapa ni Watanabe, bosi wa kitengo kwenye ofisi ya jiji, miaka na miaka anagonga mihuri kwenye makaratasi, na filamu inaanza na picha ya eksirei ya tumbo lake, yaani wewe unajua ana kansa kabla yeye hajajua.

Kuna sehemu akina mama wa mtaa wanakuja kulalamikia eneo lenye maji machafu wanataka wajengewe uwanja wa watoto, wanaambiwa nendeni dirisha lile, kule wanaelekezwa idara ya afya, mara barabara, mara zimamoto, dirisha kwa dirisha, mwisho wanarudishwa pale pale walipoanzia. Inaenda haraka haraka, sura moja ikitoka nyingine inaingia, na kila mmoja anaongea kwa adabu kabisa.

Halafu mzee anakufa filamu bado haijaisha, imebaki kama theluthi nzima, na hiyo theluthi ni msiba wake ambapo wafanyakazi wenzake wanakunywa wanabishana nani hasa aliyesababisha ule uwanja ukajengwa. Ukiweza kukaa na hao watu kwenye huo msiba, kwa Ozu utafika.

Ya pili High and Low ya 1963. Tajiri wa kiwanda cha viatu anapigiwa simu mtoto wake katekwa, kumbe aliyetekwa ni mtoto wa dereva wake, sasa je alipe? Karibu nusu nzima ya filamu ni sebuleni kwake tu, na angalia watu wanavyosimama mle ndani, nani kampa nani mgongo, dereva yuko wapi kwenye picha, polisi wanalala chini ya madirisha wasionekane. Kurosawa anakuambia kila kitu kwa mahali mtu aliposimama.


sinema_zamani amejibu:

Mleta mada mimi nitamwongelea Ozu tu maana ndiye aliyekusumbua na ndiye nimpendaye kuliko wote.

Jambo la kwanza, Ozu matukio makubwa anayaacha nje. Wewe umezoea, na wote tumezoea, kwamba filamu inatupeleka kwenye tukio. Yeye anakuonyesha kabla na baada. Angalia tena Tokyo Story mwanzoni, wazee wanapanga mizigo, wanatafuta mto wa kuegemea wa safarini, ukikaa sawa wameshafika Tokyo, safari hujaiona. Kwenye Late Spring ya 1949 ni kali zaidi, filamu nzima ni binti anayesukumwa aolewe wakati yeye anataka kubaki na baba yake, na harusi yenyewe huioni, hata bwana harusi humwoni mwanzo mpaka mwisho, unasikia tu shangazi akisema anafanana na Gary Cooper, yule mwigizaji wa Marekani. Ukiwa unasubiri tukio utaona hamna kitu. Ukiwa unaangalia watu wanafanya nini na mikono yao wakati tukio linakaribia, utashindwa kupumua.

Sasa rudi kwa Shige, yule binti mkubwa mwenye saluni. Mume wake anawaletea wazee keki, Shige anasema za nini hizi za bei, biskuti zingewatosha, na keki yenyewe anaila. Halijafokewa na mtu hilo jambo, linapita. Baadaye mama akishazikwa, wamekaa mezani, machozi ya Shige hayajakauka vizuri, anaanza kuulizia nguo za marehemu, ile kimono na mkanda wake angezipenda yeye. Hapo hakuna muziki wa kukuambia huyu ni mbaya. Na Ozu hamchukii, ndo maana inauma, maana Shige analia kweli na anataka kimono kweli, vyote kwa wakati mmoja.

Upande wa pili kuna Noriko, mjane wa mtoto wao aliyekufa vitani miaka minane nyuma. Hana damu nao. Anaishi chumba kimoja, wazee wakimtembelea anatoka kugonga kwa jirani kuazima sake, pombe yao ya mchele, na vikombe, na picha ya marehemu bado iko pale chumbani. Setsuko Hara anaicheza yote kwa tabasamu, na wewe umesema watu wanatabasamu pale ambapo mwingine angekasirika, ndo penyewe hapo mkuu umepashika tayari. Mwishoni mdogo wa mume wake, Kyoko, kakasirika na kaka na dada zake, anamuuliza kama maisha hayakatishi tamaa, Noriko anakubali kwamba ndiyo, yanakatisha, huku anatabasamu. Rudia hiyo sini peke yake.

Kuhusu kamera, iko chini karibu na usawa wa mtu aliyekaa kwenye mkeka wa tatami, na karibu muda wote anatumia lenzi moja ya 50mm. Watu wakiongea wanaelekea kama wanakuangalia wewe. Katikati ya sini anakuwekea picha ambazo hazina mtu, bomba la moshi, nguo kwenye kamba, korido tupu. Usizione kama za kujazia, zile ni nafasi anayokupa ukae na kilichotoka kutokea kabla hajakupeleka mbele. Na kwa kuwa kamera haisogei, siku ikisogea kidogo tu, kama pale wazee wako Ueno, hapo hapo Tokyo, hawana pa kulala, unashtuka.

Nisemeje zaidi. Alikuwa na timu ile ile miaka yote, anaandika na Kogo Noda, anachezesha Chishu Ryu na Hara, kamera ni Yuharu Atsuta. Ryu kwenye Tokyo Story anacheza babu wa kama miaka 70 na yeye mwenyewe alikuwa hajafika hata 50. Ozu hakuwahi kuoa, aliishi na mama yake, na alifariki tarehe 12 Desemba 1963, siku aliyotimiza miaka 60. Mtu ambaye hakuwahi kuwa na mke wala mtoto ndiye aliyeijua nyumba ya ndoa na uzazi kuliko wote.


kinyonga_mweusi amejibu:

Mimi naheshimu yote hapo juu ila mnaongea Kurosawa na Ozu, Kurosawa na Ozu, kama vile Japani ilikuwa na watu wawili. Kenji Mizoguchi mmemwacha wapi? Kwangu mimi ndiye mkubwa wao.

Tafuta Ugetsu, 1953. Mfinyanzi kaacha mke na mtoto wakati wa vita kaenda kutafuta utajiri kwa vyungu vyake, huko kapotelea kwa mwanamke mwingine. Siku anarudi nyumbani usiku, anaingia, ndani giza, moto umezimika, hamna mtu. Anaita. Anatokea mlango wa nyuma anazunguka nyumba, kamera inamfuata kwa ndani kupitia dirishani, haikati, na ikirudi pale pale ilipotoka mke kakaa, moto unawaka, anapika. Shoti moja. Hakuna ujanja wa kompyuta, hakuna mkato, kamera imezunguka tu na ikarudi kwenye nyumba nyingine kabisa. Aliyeshika kamera ni Kazuo Miyagawa, huyo huyo aliyempigia Kurosawa Rashomon ya 1950, ile iliyochukua Simba wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Venice, mwaka 1951 na kuwafanya wazungu wajue kumbe Japani kuna sinema.

Na Mizoguchi ana jambo lake moja analorudia mpaka kufa, wanawake wanaouzwa na wanaume wanaowategemea. Linatoka nyumbani kwao, dada yake aliuzwa akawa geisha, mwanamke wa kuburudisha wateja, na pesa za huyo dada ndizo zilimbeba yeye. Kwahiyo The Life of Oharu ya 1952, Sansho the Bailiff ya 1954, Street of Shame ya 1956 ambayo ndo ya mwisho, zote unaona mtu anayelipa deni. Sansho jiandae kabisa, ni mama ametenganishwa na wanawe, watoto wanauzwa utumwani, na Mizoguchi anakaa mbali na kamera yake, hakusogelei usoni kukulazimisha ulie, na ndo maana unalia.

Lakini niseme pia, haki yake na doa lake. Kinuyo Tanaka, mwigizaji aliyembeba kwenye Oharu, Ugetsu na Sansho, alitaka kuongoza filamu mwenyewe, na Mizoguchi alimpinga. Tanaka akaongoza hata hivyo, Love Letter ya 1953, na jumla akatoa sita. Forever a Woman ya 1955, kuhusu mshairi mwenye kansa ya matiti, hiyo haipaswi kukosekana kwenye orodha ya mtu yeyote anayejifunza mambo haya.


mpenda_sinema amejibu:

Nakubali kwa Mizoguchi ila kumwita mkubwa wao hapo hatutaelewana. Kurosawa anaweza kukupa watu saba kwenye filamu moja na kila mmoja ukamjua kwa namna anavyokaa. Na usimsahau pale Seven Samurai, samurai wanne wanaokufa kati ya wale saba wote wanauliwa na bunduki. Hakuna hata mmoja aliyeshindwa kwa upanga. Yaani zama zao zinaisha mbele ya macho yako na hakuna mtu anayesimama kulitangaza.


kinyonga_mweusi amejibu:

Hiyo ya bunduki nakupa mkuu, ni kweli na ni nzito.


mama_wa_picha amejibu:

Ndugu zangu naona mnasahau na mazingira, hawa watu hawakuwa wasanii wa peke yao mlimani. Walikuwa waajiriwa wa makampuni, Toho, Shochiku, Daiei, Nikkatsu, Toei. Unaingia kijana unakuwa msaidizi wa mwongozaji miaka kadhaa, unajifunza kuandika skripti, kukata, kupanga watu, ndo unapewa yako. Kurosawa alianza hivyo chini ya Kajiro Yamamoto, Shohei Imamura alikuwa msaidizi wa Ozu na akatoka hapo kwenda kutengeneza filamu za kinyume kabisa na za mwalimu wake. Na soko lilikuwepo, mwaka 1958 tiketi zilizouzwa Japani zilizidi bilioni 1.1. Halafu televisheni ikaingia majumbani, watu wakaacha kumbi, mpaka Daiei ikafilisika mwaka 1971.

Kabla ya sauti kulikuwa na benshi, mtu anayesimama pembeni ya skrini anasimulia filamu na kuwasemea wahusika wote, kazi yake ilikuwa karibu sana na ya hawa ma-DJ wetu wanaotuwekea sauti za Kiswahili kwenye muvi za kigeni. Watu walikuwa wanaenda kumsikiliza benshi fulani hata kama filamu wameshaiona, na ndo sababu mojawapo Japani walichelewa kuacha filamu bubu, Ozu mwenyewe katoa ya kwanza ya sauti mwaka 1936. Kaka yake Kurosawa, Heigo, alikuwa benshi na ndiye aliyempeleka mdogo wake kwenye sinema. Sauti ilipokuja ile kazi ikafa, na Heigo akajiua mwaka 1933. Mimi nikiangalia namna Kurosawa anavyosimulia kwa picha tupu, bila maneno, namfikiria huyo kaka.

Alafu angalieni mwaka 1954 peke yake. Seven Samurai, Sansho, Godzilla ya Ishiro Honda ambayo ndani yake yupo huyo huyo Shimura, na Twenty-Four Eyes ya Keisuke Kinoshita kuhusu mwalimu wa kike na wanafunzi wake 12 kisiwani kabla na baada ya vita. Wakosoaji wa jarida la Kinema Junpo mwaka huo wakaiweka hiyo ya Kinoshita namba moja na Seven Samurai namba tatu. Wenyewe ndo waliona hivyo. Ukiiangalia Twenty-Four Eyes utawaelewa, maana ni nchi iliyokuwa bado inazika watoto wake.

Na kwa mleta mada, kama una hamu ya kubaki kwenye samurai kidogo, Harakiri ya Masaki Kobayashi, 1962. Ronini, yaani samurai asiye na bwana, anafika kwenye jumba la ukoo mkubwa anaomba ruhusa ajiue uani kwao kwa heshima, wanaanza kumsimulia habari za kijana aliyekuja kabla yake na ombi kama hilo, na wao wakamlazimisha afanye kweli kwa upanga wa mianzi. Sitasema zaidi. Tatsuya Nakadai amekaa kwenye mkeka karibu filamu nzima anaongea, na inatisha kuliko vita yoyote. Hiyo itakufundisha kuangalia mtu aliyekaa.


mtazamaji_mpya ameandika:

Wakuu asanteni sana, sikutegemea kupata darasa hili. @sinema_zamani nimerudia ile sini ya Kyoko na Noriko kama ulivyoniambia, na nikaendelea mpaka pale baba mkwe anampa Noriko saa ya marehemu mke wake na kumwambia aolewe tena. Safari hii Noriko anapoficha uso analia nikaona kwamba filamu nzima alikuwa amejizuia, na yule mzee ndiye pekee aliyemwona. Hiyo mara ya kwanza ilinipita kabisa.

Maswali mawili. Kuna mwingine wa mkondo huo wa familia na maisha ya kawaida lakini mwenye ukali kidogo? Na hizi filamu natafuta nakala gani, maana niliyoiona mimi ilikuwa na mikwaruzo na watu wamenenepa kwenye skrini.


sinema_zamani amejibu:

La kwanza jibu ni Mikio Naruse bila kufikiria mara mbili. When a Woman Ascends the Stairs, 1960. Hideko Takamine ni mjane anayeendesha baa mtaa wa Ginza, kila jioni anapanda ngazi kwenda kazini na hataki, akifika juu anavaa tabasamu. Kwa Naruse pesa zinahesabiwa, kodi ya nyumba, bei ya kimono, madeni ya wateja, mama na kaka wanaomtegemea, unajua kila wakati amebakiwa na nini. Hana huruma ya kukufariji kama Ozu. Ukiipenda nenda Floating Clouds ya 1955, hiyo wengi wanaiona ndo bora yake.

La pili, watu kunenepa ni kwa sababu skrini yako imevuta picha. Tokyo Story, Ugetsu, Ikiru, Seven Samurai zote zilipigwa kwa umbo la karibu mraba, lazima ubaki na weusi kulia na kushoto, ukijaza skrini umeharibu kila kitu, na kwa Ozu hasa maana kila bilauri iliyoko mezani ameipanga yeye. High and Low, Harakiri na hiyo ya Naruse zenyewe ni pana, hizo zitakuwa na weusi juu na chini. Ingia kwenye mpangilio wa TV au programu unayotumia uweke ukubwa wa asili.

Na tafuta zilizoandikwa zimerekebishwa upya, nyingi za hizi zimefanyiwa kazi hiyo. Ile Tokyo Story negativu yake ya awali, yaani mkanda wa asili uliopigiwa picha, iliungua moto, kwahiyo hata nakala nzuri haitang'aa kama ya jana, lakini tofauti na yenye mikwaruzo ni kubwa sana. Sauti pia, kwenye nakala nzuri utasikia boti za bandarini Onomichi mwanzo na mwisho, kwenye mbovu zinapotea kabisa.


mama_wa_picha amejibu:

Naongezea tu, akimaliza na Naruse aitafute Tokyo Olympiad ya Kon Ichikawa, 1965. Ni filamu ya Olimpiki ya 1964 lakini Ichikawa muda mwingi anaacha washindi anaangalia watu, kuna mkimbiaji kutoka Chad anamfuata akiwa peke yake kijijini kwa wanamichezo na kwenye kula, na mwishoni Mwethiopia Abebe Bikila kwenye marathoni, uso wake umejaa skrini, taratibu, jasho linadondoka kidevuni, na haonyeshi chochote. Baada ya Ozu utajua namna ya kuuangalia huo uso.